Barua ya wazi kwa wakuu wa halmashauri yetu: tuulizeni afya zetu, kisha mtuulize tunaishije

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Mganga Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa Madiwani.

YAH: WANANCHI KUTOULIZWA HALI YA AFYA ZAO WALA MAISHA YANAYOZIJENGA NA KUZIBOMOA

Waheshimiwa,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa kijiji kimoja cha pwani kilicho chini ya halmashauri mnayoiongoza, na kwa miaka minne sasa ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati yetu. Jina la halmashauri nimeliacha makusudi, na la zahanati vilevile, kwa sababu wauguzi wetu wawili na tabibu mmoja wanafanya kazi ya watu sita, na sitaki mtu yeyote asome barua hii akadhani wao ndio ninaowalalamikia. Ninaowaandikia mnajijua. Barua yangu ya kwanza ilipokelewa masjala mwezi Machi mwaka jana, ya pili mwezi Julai, ya tatu mwezi Novemba. Nakala zote tatu ninazo, kila moja na mhuri wake, na kila nilipofuatilia niliambiwa kuwa faili liko mezani kwa mkubwa. Kwetu mtu hubisha hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Mimi nimeona nisiondoke, bali nipige hodi ya nne nikiwa barabarani, majirani wakisikia.

Dai langu ni moja, ingawa nitalieleza kwa vipengele. Mnapima afya zetu bila kutuuliza sisi wenyewe tunazionaje, na kwa kuwa hamtuulizi, mnaendelea kuamini kuwa afya ya mtu huanza na kuishia kwenye mlango wa zahanati, wakati kinachotuchosha na kutuzeesha mapema kiko kisimani, machimboni, baharini na kwenye daftari la madeni.

1. Hakuna anayetuuliza

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupita nyumbani kwangu mara moja kwa robo mwaka. Ni binti niliyemfundisha darasa la tatu, hodari na mwenye adabu. Huketi kwenye benchi la barazani, hufungua daftari lake, huuliza kama tuna choo bora, kama kuna chombo cha kunawia mikono, vyandarua ni vingapi, kama yumo mjamzito au mtoto wa chini ya miaka mitano, na kama kuna anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili. Maswali yote ni mazuri na sina nia ya kuondoa hata moja. Kule zahanati nako rejesta ya MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya, ina mahali pa umri, pa jinsia, pa makazi ya mgonjwa, pa ugonjwa uliogunduliwa na pa dawa aliyopewa. Lakini si katika daftari la binti yule, wala katika rejesta ile, mnamoulizwa jambo jepesi kuliko yote: wewe mwenyewe, kwa jumla, unaionaje afya yako? Ni nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya, au mbaya sana?

Najua mtakalonijibu harakaharaka, kwamba Waswahili tunaulizana afya kutwa. Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa salamu zetu huja na majibu yake tayari. Hujambo, sijambo, yaani sina jambo, hata kama ninalo. Mzima? Mzima. Mzee aliyelala bila kula akiamkiwa shikamoo huitikia marahaba kwa sauti ileile ya siku zote, na akiulizwa hali husema alhamdulillahi, kwa maana kumwagia mpita njia shida zako ni kukosa haya. Ukitaka ukweli, lazima kwanza salamu iishe, ukae, unywe hata maji, kisha uulize upya kwa namna inayoonyesha kuwa safari hii unauliza kweli. Hapo ndipo utasikia: "Hivyo hivyo tu." "Nusu mzima." "Tunasukuma siku." Majibu hayo yana uzito kuliko mnavyodhani, nami nitaeleza kwa nini. Kwa sasa itoshe kusema kuwa hayana pa kuandikwa.

2. Ugonjwa mmoja, afya mbili

Nina jirani, mvuvi, tuliyezaliwa naye mwaka mmoja na kutiwa jandoni pamoja. Sote wawili tuna presha ya kupanda. Tuligunduliwa kipindi kimoja, na tabibu alituandikia vidonge vya aina moja. Mimi nina pensheni ambayo ni ndogo lakini inakuja, nina kadi ya bima ya afya niliyobaki nayo baada ya kustaafu utumishi wa umma, nina nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji, na nina mtoto anayenipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Yeye ana ngarawa ya kurithi na nyavu za mkopo. Aliyemkopesha ndiye anayemnunulia samaki, na ndiye anayepanga bei, kwa hiyo samaki wa jirani yangu huwa wameshauzwa kabla hawajavuliwa. Alijiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, akalipa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu bahari ilichafuka kwa muda mrefu na fedha hiyo hakuiona. Vidonge vyake humeza leo akaruka kesho, ili karatasi moja ya dawa imvushe mwezi.

Jioni moja, salamu zilipokwisha, nilimuuliza afya yake akiipima mwenyewe ikoje. Alinyamaza kidogo, akaendelea kushona wavu wake, kisha akasema: "Mwalimu, afya yangu ni ya kusi." Msomaji wa bara huenda asielewe. Kusi ni msimu wa upepo mkali, ambapo mwenye chombo kidogo hukaa ufukweni akayatazama maji asiyoweza kuyaingia. Nilipojiuliza mwenyewe swali lilelile usiku ule, jibu langu lilikuwa "nzuri", wala sikusita. Tabibu akifungua rejesta atatuona sawasawa: wanaume wawili, umri mmoja, ugonjwa mmoja, dawa moja. Tofauti yetu yote, ambayo naamini ndiyo itakayoamua nani atamzika mwenzake, imo katika mambo yasiyoandikwa popote.

Wala msidhani kuwa habari hii ni ya hohehahe na tajiri peke yao. Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali wa kiume zaidi ya 17,000 wa mjini London. Hakuna kati yao aliyekosa kazi, wala aliyelala njaa, na matibabu yao nchini humo yalikuwa bure. Hata hivyo, miaka ilivyopita ilionekana kuwa watu wa daraja la chini kabisa, watarishi na mabawabu, walikuwa wakifa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wakubwa wa daraja la juu, na walio katikati walikuwa katikati, ngazi kwa ngazi. Sigara na mafuta mwilini vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Mwaka 1985 ulianza uchunguzi wa pili, wa watumishi 10,308, safari hii wanawake wakiwamo, na hapo nako wenye vyeo vya chini, walipoulizwa wenyewe, waliieleza afya yao kuwa mbaya zaidi kuliko walivyoieleza wakubwa wao. Mheshimiwa Mkurugenzi akitaka kuhakiki hilo hana haja ya nauli ya kwenda London. Amuulize mhudumu anayemletea chai ofisini, kisha ajiulize mwenyewe.

3. Kama sina ugonjwa, huu nao ni nini?

Nyuma ya kijiji chetu kuna machimbo ya mawe ya matumbawe, na kinamama wapatao kumi na kitu hushinda pale wakigonga kokoto. Mmoja wao ni jirani ya dada yangu. Hukaa chini, miguu ameinyoosha, juu yake kibanda cha makuti matatu. Mkono wa kushoto hushika duara la mpira alilolikata kwenye tairi kuukuu, ambalo hulizungushia jiwe lisirukeruke, na mkono wa kulia hushika nyundo. Kokoto hupimwa kwa ndoo, na ndoo husubiri lori, na lori huja siku mwenye nalo apendayo. Kabla ya kufika machimboni ameshaamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya kisimani, kwa sababu bomba la kijiji hutoa maji siku mbili kwa wiki, na dumu la mwuza maji wa baiskeli hawezi kulinunua kila siku. Nyumbani ana wajukuu watatu ambao mama yao yuko mjini na hajaleta kitu tangu mfungo wa mwaka juzi.

Mama huyu alikwenda zahanati mara tatu katika msimu mmoja. Kipimo cha malaria kilionyesha hana. Presha ilikuwa sawa. Mkojo ulikuwa safi. Mara zote alipoulizwa anaumwa wapi alisema mwili wote, akaandikiwa panadoli. Mara ya tatu muuguzi alimwambia kwa upole kabisa, "Mama, huna ugonjwa," naye akauliza, "Kama sina ugonjwa, huu nao ni nini?" Nilikuwapo, nikisubiri kikao cha kamati. Hakuna aliyemjibu, na mimi nikiwa mmoja wao.

Simlaumu muuguzi, kwa kuwa hana dawa ya foleni ya kisimani. Ninachosema ni kwamba siku ile zahanati ilipokea taarifa sahihi kuhusu afya ya mwanakijiji, kutoka kwa mtu anayeijua kuliko wote, na taarifa hiyo ikapotea mlangoni kwa kukosa mahali pa kuandikwa. Tena si yeye peke yake. Mwaka 2006 na 2007 watu wa miaka 50 na kuendelea walihojiwa kuhusu afya zao katika maeneo manane ya Afrika na Asia, Ifakara yetu ikiwamo, na wanawake walijieleza kuwa na hali mbaya kuliko wanaume. Anayeona ajabu na akashinde siku moja machimboni.

4. Msamaha unaogharimu kuliko dawa

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imekuwa ikisemwa kuwa mzee asiye na uwezo atibiwe bure. Jirani yangu mvuvi anastahili kwa kila kigezo. Ili alithibitishe hilo, alitakiwa kupata barua ya mwenyekiti wa kitongoji, mhuri wa mtendaji wa kijiji, picha mbili ndogo, kisha aende mwenyewe makao makuu ya wilaya kwa afisa ustawi wa jamii. Alikwenda mara mbili kwa bodaboda na daladala. Mara ya kwanza afisa alikuwa semina. Mara ya pili fomu zilikuwa zimekwisha. Nauli ya safari hizo mbili ingemnunulia vidonge vya miezi kadhaa. Kadi mpaka leo hana. Zahanati kwetu bango la kuwataka watu wampishe mzee lipo, na kusema haki anapishwa. Anafika dirishani wa kwanza, na wa kwanza huwa yeye kuambiwa dawa hamna.

5. Kila idara na orodha yake

Hili nitalipita haraka kwa kuwa mnalijua vizuri kuliko mimi. TASAF ina orodha ya kaya maskini. Idara ya Maendeleo ya Jamii ina orodha ya vikundi vya mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wenzetu wa RUWASA, ambao tangu mwaka 2019 ndio wenye maji ya vijijini, wana orodha ya vituo vya maji visivyofanya kazi. Idara ya Afya ina rejesta zake. Sijapata kusikia katika kikao chochote cha kata kwamba orodha hizo ziliwekwa juu ya meza moja, ingawa ni majina yaleyale.

Hatukuanza hivi. Nchi hii ilipopata uhuru Mwalimu Nyerere alitaja maadui watatu, umaskini, ujinga na maradhi, na aliwataja pamoja kwa kuwa aliwaona wanasaidiana. Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa miaka 16 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Baba yangu alikuwa katika kikundi kilichokutana chini ya mwembe wa msikiti, na kazi yangu ilikuwa kushika redio juu ili sauti iwafikie wa nyuma. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walisikiliza na kujadiliana namna ile. Kipindi kikiisha hawakutawanyika. Walijadiliana nani hana choo na kwa nini hana, na mara nyingi jibu la "kwa nini" lilikuwa hana nguvu kazi au hana jembe, basi wakaenda kumchimbia. Sisemi zama zile zilikuwa pepo, maana nakumbuka pia foleni zake. Nasema tu kwamba ule ulikuwa mjadala wa afya ulioanzia kwenye maisha ya mtu, na uliendeshwa na wakulima waliokuwa wamejifunza kusoma ukubwani.

Na dunia nayo imelikiri. Shirika la Afya Duniani liliunda tume mwaka 2005 kuchunguza namna hali za kijamii zinavyoathiri afya, chini ya uenyekiti wa Michael Marmot, mtafiti wa Uingereza aliyeongoza ule uchunguzi wa pili wa watumishi wa London. Tanzania ilikuwa na mtu wake humo, Profesa Anna Tibaijuka, na Kenya alikuwamo Bi. Charity Ngilu. Ripoti yao ilitoka Agosti 2008 na haikumung'unya maneno: tofauti za mahali mtu anapozaliwa, anapokua, anapofanya kazi na anapozeekea zinaua watu kwa wingi, na dawa yake nyingi iko nje ya wizara za afya.

Visingizio ninavyovitarajia

Kisingizio cha kwanza kitakuwa kwamba maoni ya mtu si kipimo. Mwaka 1982 watafiti Jana Mossey na Evelyn Shapiro walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee zaidi ya 3,000 wa jimbo la Manitoba, Kanada. Wazee waliosema afya yao ni mbaya walikuwa katika hatari ya kufa ya karibu mara tatu ya wale waliosema ni nzuri sana, hata baada ya kuzingatia magonjwa ambayo tayari yalijulikana kwa madaktari wao. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walikusanya tafiti 27 za aina hiyo, na karibu zote zilikubaliana kuwa jibu la swali hilo moja lina habari ambayo vipimo vingine havikuikamata. Jibu la "mwili wote" huenda likawa ni hesabu ambayo mwili umeshaifanya kabla ya maabara.

Kipo kipingamizi kizito zaidi, na ningependa nikitaje mimi kuliko kuletewa. Amartya Sen, mchumi wa India aliyekuwa mjumbe wa ile tume ya Shirika la Afya Duniani, aliandika mwaka 2002 kuhusu majimbo mawili ya India. Watu wa Kerala, wanaoishi miaka mingi kuliko wenzao, ndio waliolalamika zaidi kuwa wagonjwa. Watu wa Bihar, wanaokufa mapema, walilalamika kidogo. Aliyezoea maumivu huyaona ni kawaida, na asiyewahi kuonwa na daktari hana jina la kuyaita. Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana siombi swali hilo liulizwe peke yake, wala siombi kijiji chetu kishindanishwe na mji kwa majibu hayo. Naomba liulizwe sambamba na maswali ya maisha, na majibu ya watu walewale yalinganishwe mwaka hadi mwaka. Mwanamke wa machimboni aliyesema "ya wastani" mwaka huu akisema "mbaya" mwakani, hapo hakuna Kerala wala Bihar. Kuna jambo limemtokea.

Mtasema hakuna bajeti. Swali ni moja, daftari lipo, na binti wa kuliuliza tayari anapita. Uingereza waliliingiza katika sensa yao ya mwaka 2001 na haikuwafilisi.

Mtasema wananchi watadanganya wakidhani kuna fedha nyuma yake. Wachache watajaribu. Elezeni tangu mwanzo, katika mkutano wa hadhara, kuwa swali halihusiani na posho wala ruzuku, na muulize kwa siri ya mtu na mtu, siyo mbele ya mkwe wake.

Na mtasema tusubiri, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Naiunga mkono sheria hiyo, na kama mjumbe wa kamati nitakuwa wa kwanza kuinadi. Lakini watarishi wale wa London walikuwa na matibabu ya bure miaka yote waliyofuatiliwa. Kadi italipia vidonge vya jirani yangu, na hilo si dogo. Haitamtoa kwenye deni la nyavu, wala haitamlaza mama wa kokoto mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Ninachoomba

Kwa heshima zote, ninaomba mambo yafuatayo, na ninaomba yajibiwe moja moja, siyo kwa jumla:

(a) Kuanzia robo mwaka ijayo, daftari la mhudumu wa afya ngazi ya jamii liongezwe swali la mtu kuipima afya yake mwenyewe kwa majibu matano niliyoyataja, likifuatiwa na maswali manne: kuchota maji kunamchukua muda gani, kama kuna siku kaya ililala bila kula mwezi uliopita, kazi gani inamwingizia riziki, na kama aliwahi kuacha dawa au tiba kwa kukosa fedha.

(b) Wahudumu hao wafundishwe namna ya kuliuliza baada ya salamu kwisha, na walipwe posho zao kwa wakati, maana hata wao wana afya.

(c) Majibu, bila majina, yasomwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kila robo mwaka na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, na watendaji wa maji, maendeleo ya jamii na TASAF wawepo siku yanaposomwa.

(d) Afisa ustawi wa jamii afuate wazee vijijini mara mbili kwa mwaka na kutoa kadi za msamaha papo hapo, badala ya wazee kumfuata yeye.

(e) Kinamama wa machimboni na wavuvi wa ngarawa wapewe nafasi katika mikopo ya asilimia 10 kwa masharti wanayoyaweza, na afisa aende kwao kuwaeleza namna ya kuunda kikundi, badala ya tangazo kubandikwa makao makuu ambako hawafiki.

(f) Barua zangu tatu zijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nitafika masjala saa tatu asubuhi kama kawaida yangu, na nakala zangu nne, hii ikiwa ya nne. Jirani yangu amesema atanisindikiza kama bahari itakuwa bado imefunga.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mjumbe, Kamati ya Usimamizi wa Zahanati.

Nakala:
Afisa Mtendaji wa Kata.
Mwenyekiti wa Kijiji.
Ubao wa matangazo, zahanati.